John Dunlop: Daktari wa wanyama aliyetuletea tairi la upepo, mamilioni wakavuna wengine

Ukinunua pikapu mpya siku hizi, wiki haiishi kabla jamaa hawajaanza: toa hayo matairi iliyokuja nayo, weka makubwa, yale yenye meno ya kupita tope na mawe. Fundi naye anakuonyesha saizi mbili tatu na bei za kuumiza kichwa. Unabaki unajiuliza: hivi tairi nene lina faida gani hasa, na gari lina nafasi ya kulibeba?

Swali hilo lina zaidi ya miaka 130. Aliyelijibu kwa vitendo mpaka dunia ikamfuata hakuwa fundi wala mwenye kiwanda. Alikuwa daktari wa wanyama, na alikuwa anatengeneza baiskeli ya mtoto wake.

Jina lake John Boyd Dunlop. Wengi tunalijua kama chapa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, lakini huyu alikuwa mtu kweli, mwenye ndevu ndefu na tabia ya upole, na hadithi yake ina uchungu kidogo.

Alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 kwenye shamba huko Dreghorn, Scotland. Alisomea udaktari wa wanyama Edinburgh, akafanya kazi kwao kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1867 akavuka bahari kwenda Ireland. Alianzia Downpatrick na ndugu yake James, baadaye akahamia Belfast. Kufikia katikati ya miaka ya 1880 huduma yake ya kutibu wanyama ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi Ireland. Yaani hakuwa mtu wa kubahatisha riziki. Angeweza kuishia hapo akazeeka salama na farasi wake.

Baiskeli ya mtoto

Mwanawe mdogo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Mitaa ya Belfast ilikuwa imetandikwa mawe, na magurudumu ya wakati ule yalikuwa chuma au yamevikwa mpira mgumu usio na kitu ndani. Mtoto alikuwa anarushwarushwa kila akipanda.

Oktoba 1887 Dunlop alichukua duara la mbao lenye upana wa karibu sentimita 96, akalizungushia bomba la mpira alilolitengeneza kwa mkono, akalifunika kwa kitambaa kigumu, halafu akajaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Kwenye ua wa nyumba yake alilisukuma gurudumu hilo, kisha akasukuma lile la baiskeli ya mtoto. La mtoto likachoka njiani, likaanguka. Lile nene la upepo likavuka ua wote, likagonga nguzo ya geti na kurudi nyuma.

Hapo ndipo watu wengi hata leo wanashangaa. Ukiangalia kwa macho, kitu kinene na laini kinapaswa kuwa kizito kusukuma. Kwenye lami iliyonyooka hilo lina ukweli wake. Lakini kwenye njia mbovu, gurudumu gumu linapoteza nguvu kila linapopanda jiwe, maana linalazimika kuinua chombo kizima. Tairi la upepo linabonyea, linalimeza jiwe, linaendelea. Upepo ndio unaobeba mzigo. Mpira kazi yake ni kuushikilia tu. Tairi lenye nafasi kubwa ya upepo linaweza kubeba mzigo uleule kwa presha ndogo zaidi, likalala vizuri na kugusa ardhi sehemu kubwa. Ndiyo maana wanaopita mchangani hupunguza upepo kwanza.

Baada ya baiskeli ya mtoto alitengeneza matairi makubwa zaidi kwa ajili ya baiskeli ya mtu mzima, na matokeo yakawa mazuri kuliko ya mwanzo. Tarehe 7 Desemba 1888 akapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wake.

Tairi lilikataa kuingia

Sasa likaja tatizo ambalo kila mwenye pikapu anapaswa kulisikia. Matairi ya Dunlop yalikuwa manene mno kwa baiskeli za wakati ule. Uma na fremu zilitengenezwa kwa mpira mwembamba, hivyo tairi jipya lisingepita. Ilibidi aagize fremu maalumu kwa watengenezaji wa palepale Belfast, Edlin na wenzake. Tairi lilibadilika, na chombo kikabadilika kulifuata.

Kwenye gari mambo ni yaleyale. Chukua saizi ya 265/65R17, inayokuja kwenye pikapu nyingi. Kipenyo chake ni kama milimita 776. Ukipanda hadi 285/70R17 unapata kama milimita 831, ongezeko la asilimia 7. Gari linanyanyuka karibu milimita 27, jambo zuri ukiwa kwenye makorongo. Lakini ukikata kona mpaka mwisho tairi linaweza kusugua madigadi au fremu, na spidometa ikikuonyesha kilomita 100 kwa saa, kwa kweli unakwenda karibu 107. Injini na breki nazo zinapata kazi ya ziada. Kama wewe ni wa barabarani zaidi, kuruka mpaka huko ni kujitafutia gharama tu. 265/70R17, yenye ongezeko kama la asilimia 3 na nusu, ingekutosha.

Siku wacheza mbio walipozimika

Tarehe 18 Mei 1889 yalifanyika mashindano Queen's College, Belfast. Nahodha wa klabu moja ya baiskeli, Willie Hume, alijitokeza na baiskeli yenye matairi ya Dunlop, manene kama soseji. Watu wakacheka. Mbio za baiskeli zilikuwa nne, akashinda zote nne. Kicheko kikakatika.

Miongoni mwa walioshindwa walikuwa watoto wa Harvey du Cros, mfanyabiashara na kiongozi wa waendesha baiskeli Ireland. Huyu mzee hakukasirika, aliona pesa. Wakaungana na Dunlop kuanzisha biashara, Dunlop akakabidhi haki zake kwa fedha kiasi na sehemu ndogo ya hisa.

Mara likaja pigo. Miaka miwili baada ya kupewa hataza, Dunlop alijulishwa rasmi kwamba haina nguvu. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo la tairi la upepo tangu miaka ya 1840, kabla baiskeli yenyewe haijapata umaarufu. Thomson alishafariki mwaka 1873, wazo lake limesahaulika. Dunlop alilibuni upya bila kulijua, lakini sheria haiangalii hilo.

Kampuni ilinusurika kwa kununua haki za wabunifu wengine, hasa Charles Welch, aliyeweka waya kwenye kingo za tairi ili lishike rimu na liweze kutolewa kwa urahisi likipata pancha. Mpaka leo ukilikagua tairi la pikapu yako, waya huo umo.

Mwaka 1895 Dunlop aliuza alichokuwa nacho, akatoka. Mwaka huohuo ndugu wa Michelin waliingiza gari la matairi ya upepo kwenye mbio za Paris hadi Bordeaux na kurudi. Pancha ziliwaandama njia nzima, lakini walionyesha kwamba gari linaweza kutembea juu ya upepo. Mwaka 1896 du Cros akaiuza kampuni kwa pauni milioni 3. Daktari wa wanyama hakuwamo tena.

Deni lililolipwa Kongo

Kuna upande mwingine ambao matangazo ya matairi hayausemi. Baiskeli, na baadaye magari, vilihitaji mpira mwingi mno, na miaka ile mpira mwingi ulitoka porini. Kwenye Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, wanakijiji walipangiwa kiasi cha utomvu cha kuleta. Waliopungukiwa walichapwa, wake zao walishikwa mateka, wengine waliuawa au kukatwa mikono. Dunlop hakupanga hayo, na tayari alikuwa ameshaiacha biashara wakati mengi yakitokea. Lakini raha ya barabarani iliyoanzia uani kwake iligharimiwa na watu wasiowahi kuiona baiskeli.

Yeye mwenyewe alikuwa ameacha udaktari mwaka 1892 na kuhamia Dublin, ambako alibaki na maslahi kwenye duka la nguo. Jina lake likawa la kampuni, na sura yake ikaingia kwenye matangazo, imechorwa kama bwana wa kujionyesha, mavazi ya kifahari na fimbo mkononi. Mzee hakupenda hata kidogo. Aliishtaki kampuni yenye jina lake mwenyewe, na kesi ikapanda mpaka House of Lords huko London.

Alifariki nyumbani kwake Ballsbridge, Dublin, tarehe 23 Oktoba 1921, akiwa na miaka 81. Amezikwa kwenye makaburi ya Deans Grange.