Panda Farnana, mtoto wa Nzemba aliyekusanya Wakongomani wa Bruxelles

Ukifika leo Bruxelles na kushuka pale Porte de Namur, katika komini ya Ixelles, nyuma ya dakika kidogo utafikiri uko Kinshasa. Ni Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge yetu. Rumba inatoka ndani ya maduka, wamama wanasuka nywele, pondu na kwanga vinauzwa, na wanaume wanabishana juu ya siasa ya inchi kwa sauti kubwa. Vijana wengi wanaamini kwamba maisha ya Wakongomani kule yalianza na uhuru. Sivyo. Miaka makumi ine mbele ya uhuru, Wakongomani walikuwa wamekwisha kujipanga katika mji huo. Walikuwa na chama chao na mafundisho yao ya jioni. Kwenye kichwa cha chama hicho alikuwa mtu mmoja ambaye masomo yetu hayamtaji sana: Mfumu Paul Panda Farnana.

Alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Nzemba, upande wa Moanda, pale mto Kongo unapoingia baharini. Baba yake, Luizi Fernando, alikuwa chifu. Jina hilo la Fernando ndilo lililogeuzwa kidogo kidogo mpaka likawa Farnana. Wakati ule inchi nzima ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa pili, na wazungu waliorudi kwao walikuwa na desturi ya kuondoka na vijana weusi. Wengi walienda kuwa boyi. Wengine walipelekwa ili watazamwe tu. Mwaka 1897, Wakongomani 267 walisafirishwa mpaka Tervuren, karibu na Bruxelles, wakawekwa ndani ya vijiji vya kuigiza, na makundi ya watu wakaja kuwatazama wakiishi, wakipika, wakipiga ngoma. Saba kati yao walikufa kule. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren mpaka leo.

Panda alifika Ubelgiji miaka mitatu kiisha, katika mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Aliletwa na mwanajeshi Mbelgiji, Jules Derscheid. Lakini bahati yake haikuwa kama ya wale wengine. Derscheid alimwacha mikononi mwa dada yake, Louise, na mama huyu hakumfanya kuwa mtumishi. Alimlea na kumpeleka masomoni, kwenye Athénée ya Ixelles, komini ileile ambako leo watu wa Matonge wanatembea bila kujua kwamba kijana wa kwao alipita hapo mbele yao.

Alikuwa na akili mingi. Mwaka 1904 aliingia kwenye masomo ya kilimo ya Vilvoorde, akatoka mwaka 1907 na diploma yake. Akaongeza elimu ya kilimo cha inchi za joto kule Nogent-sur-Marne, karibu na Paris, kiisha biashara kule Mons. Kwa hiyo wanahistoria wengi wanamhesabu kuwa Mkongomani wa kwanza aliyepata elimu ya juu Ubelgiji. Tukumbuke kwamba katika koloni yenyewe, ile Université Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu.

Mwaka 1909 serikali ya koloni ilimwandika kazi ya kusimamia kilimo. Akarudi Kongo, akatumwa kwenye shamba la majaribio ya miti na mimea la Eala, karibu na Coquilhatville, mji ambao leo tunauita Mbandaka. Fikirieni hali ile: mtu mweusi mwenye diploma, ana cheo ambacho mbele yake kilikuwa cha wazungu peke yao, katika inchi ambapo ndugu zake walikuwa wanatolewa kazi kwa nguvu. Hakuwa mzungu, na wala hakuwa tena mwanakijiji kama wengine. Aliyoyaona katika miaka ile hakuyasahau.

Vita vya 1914 vilimkuta Ubelgiji, katika mapumziko yake. Hakuna mtu aliyemlazimisha, lakini alijiandikisha katika kikosi cha wenye kujitolea wa Kongo, ambacho wengi wake walikuwa Wabelgiji waliowahi kufanya kazi huku. Wakongomani ndani yake walikuwa wa kuhesabika. Kikosi kikatumwa kulinda mji wa Namur. Mji ukaanguka, na tarehe 23 Agosti 1914 Panda akakamatwa na Wajerumani. Alikaa mfungwa zaidi ya miaka mine.

Katika wafungwa hao kulikuwa na wenzake wawili, Joseph Adipanga na Albert Kudjabo. Huyu Kudjabo alikuwa mtoto wa Kilo-Moto, upande wa Ituri. Katika mwaka 1917, wataalamu wa Kijerumani walikuwa wanazunguka kambi za wafungwa na mashini ya kunasa sauti. Walikuwa wanatafuta lugha na nyimbo za dunia nzima, na vita ilikuwa imewaletea watu wa dunia nzima mpaka mlangoni. Kudjabo naye akawekwa mbele ya ile mashini. Akaimba katika lugha ya kwao, akapiga ngoma, akapiga na mluzi. Sauti yake ingali inatunzwa Berlin, kwenye Université Humboldt. Miaka mingi mbele ya rumba kufika Ulaya, sauti ya Mkongomani ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya sahani kule, lakini mwenye sauti alikuwa mfungwa.

Vita ikaisha, wakarudi Ubelgiji. Walifikiri watapokewa kama watu waliopigania inchi. Lakini gazeti moja la waliopigana vita likaandika kwamba ingefaa hao weusi warudishwe kwao, wakakae chini ya migomba yao. Neno hilo liliwauma sana. Walijibu kwa maandishi, wakikumbusha kwamba damu yao nayo ilimwagika, na kwamba waliteseka katika kambi kama askari wengine.

Hapo ndipo Panda alielewa kwamba mtu mmoja peke yake hasikilizwi. Tarehe 30 Agosti 1919, yeye na wenzake wakaanzisha chama cha Union Congolaise kule Bruxelles. Tusifikiri kwamba wanachama walikuwa watu wakubwa. Ubelgiji ya wakati ule ilikuwa na Wakongomani kidogo sana: mabaharia walioachwa na meli, watumishi wa nyumba, wafanyakazi wa viwanda na wa machimbo ya makaa, na hao askari wa zamani. Wengi hawakujua kusoma. Mtu akigonjwa, ao akipoteza kazi, hakuwa na ndugu wa kukimbilia. Chama kilisaidia wenye shida na kufundisha jioni wale waliotaka kujua kusoma na kuandika. Hakikubaki Bruxelles tu: kilikuwa na matawi hata kule Liège na upande wa Charleroi, kwenye machimbo.

Lakini Panda hakutaka chama cha kusaidiana tu. Katika mwezi wa pili wa 1919 alikuwa amekwisha kushiriki, kule Paris, katika kongamano la watu weusi lililoitishwa na Mmarekani W.E.B. Du Bois. Katika mwezi wa kumi na mbili wa 1920, kwenye mkutano mkubwa wa mambo ya koloni kule Bruxelles, alisimama mbele ya wakubwa wa Ubelgiji na kusema maneno ambayo hakuna Mkongomani alikuwa amewaambia uso kwa uso. Aliomba Wakongomani wapewe masomo ya kweli, na waingizwe polepole katika mabaraza yanayokata mambo ya inchi yao. Hakuomba uhuru. Alikuwa mtu wa kwenda pole. Lakini hata hayo machache yalionekana kuwa makubwa mno.

Mwaka 1921 kongamano la pili la Du Bois lilifanyika London, Bruxelles na Paris, na Panda alikuwa mmoja wa watu wake wakubwa kule Bruxelles. Wajumbe walienda pia kutazama jumba la makumbusho la Tervuren, mahali palepale ambapo wenzetu walionyeshwa mwaka 1897. Safari hii watu weusi waliingia kama wageni wenye heshima, na wakaona sanamu, ngoma na kazi za mikono za Kongo zimefungwa ndani ya vioo.

Mwaka huohuo Simon Kimbangu alikuwa anatikisa Kongo-Chini, na wakoloni walikuwa na woga. Magazeti yao yakaanza kumchafua Panda. Wakamweka kundi moja na Kimbangu, na Garvey wa Marekani, hata na Wakomunisti wa Moscow. Na yeye alikuwa mtu wa barua na hotuba tu! Wakoloni hawakumwamini kwa sababu alisoma, na kwa sababu ya masomo hayo hawakuweza kumnyamazisha kirahisi.

Jambo lingine alilolipigania ni ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kongo. Sisi watu wa mashariki tunalijua vizuri. Ni Force Publique iliyoteka Tabora mwaka 1916, na nyuma ya kila bunduki kulikuwa na mistari ya wapagazi waliobeba risasi na chakula, na wengi hawakurudi nyumbani. Ubelgiji ilimzika kwa heshima askari wake asiyejulikana mwaka 1922. Panda aliomba na Mkongomani asiyejulikana akumbukwe vilevile. Hakuona jibu. Mnara wa askari wa Afrika kule Schaerbeek, ndani ya Bruxelles, ulifunguliwa mwaka 1970, miaka makumi ine kisha kifo chake.

Mwaka 1929 aliamua kurudi kwao. Angeweza kubaki Ulaya, maana alikuwa ameishi kule karibu maisha yake yote. Lakini alirudi Nzemba, kijiji cha baba yake. Akajenga masomo na kanisa dogo, akaweka mashini ya kukamua mafuta ya ngazi. Mambo aliyokuwa anayaomba kwa maneno Bruxelles, alianza kuyafanya kwa mikono. Hakupata muda. Tarehe 12 Mei 1930 alikufa kule Matadi, hajafika miaka 43. Hakuacha mke wala mtoto.

Labda ndiyo sababu jina lake lilipotea haraka. Mtu asiye na watoto anategemea wengine kumkumbuka, na sisi wengine tulifundishwa majina ya wafalme wa Ubelgiji kuliko jina lake. Leo Wakongomani wa Ulaya wana vyama vingi: vya mikoa, vya muziki, vya matanga, vya wamama. Vingi vinavunjika kwa ugomvi wa feza na wa vyeo. Vikumbuke kwamba cha kwanza kilianzishwa na watu waliotoka kwenye kambi za wafungwa, mabaharia na wachimbaji ambao hawakuwa na kitu. Nasi tuliobaki huku tujiulize kwa nini, katika masomo ya watoto wetu, jina la mtu aliyemaliza maisha yake akijenga masomo halisikiki.