Edgar Allan Poe: mwandishi aliyezungushwa malipo maisha yake yote

Wiki mbili zilizopita, baada ya kipindi cha jioni, msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe mrefu. Ni kijana anayeandika makala kwa simu na kumtumia mtu wa mjini, naye huyo mtu huziuza kwingine. Makala kumi na moja zimekwenda, malipo yamekuja ya mbili tu. Kila akiuliza anaambiwa asubiri mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi simu haipokelewi. Aliuliza kama tatizo ni yeye.

Nilimjibu hewani kwa kifupi, kwa sababu muda wa redio hautoshi. Hapa tovutini nina nafasi zaidi, na nimeona nisimulie maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, Mmarekani Edgar Allan Poe. Ukipita kwenye shule za sekondari utakuta wanaomjua kwa hadithi zake za kutisha. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa hadithi za upelelezi, zile ambazo mpelelezi anakusanya dalili mpaka muuaji anajulikana. Pamoja na sifa hizo zote, kalamu yake haikumlisha.

Alizaliwa Boston tarehe 19 Januari 1809. Wazazi wake walikuwa waigizaji wa jukwaani. Mama alifariki mwaka 1811, mtoto hajafikisha hata miaka mitatu, akachukuliwa na mfanyabiashara wa mji wa Richmond aliyeitwa John Allan. Nyumba ilikuwa ya watu wenye uwezo, lakini baba mlezi na kijana hawakuelewana, na mzee alipofariki mwaka 1834 hakumwachia hata senti. Poe akabaki na kalamu.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mwaka 1833 gazeti moja la Baltimore lilitangaza shindano la hadithi, naye akashinda dola 50. Mmoja wa majaji, John Pendleton Kennedy, alimpenda. Baadaye alimwalika chakula nyumbani kwake, na Poe akajibu kwa barua kuwa hawezi kwenda kwa sababu hana nguo za kuvaa mbele ya watu. Mshindi wa shindano, hana shati! Kennedy akamsaidia kupata kazi kwenye jarida la Southern Literary Messenger huko Richmond, ambako alianza kwa takriban dola 10 kwa wiki. Mwaka 1836 alimwoa binamu yake, Virginia Clemm, ambaye alikuwa na miaka 13 tu. Jambo hilo hata wakati ule lilifanya watu waulize maswali, na mimi silipiti kimya. Mama yake Virginia, Bi Maria Clemm, aliishi nao, na katika mambo ya malipo mama huyu ana sehemu kubwa kama tutakavyoona.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo kijana wetu atajiona.

Mwishoni mwa mwaka 1839 wachapishaji wa Philadelphia walitoa vitabu viwili vya hadithi zake, nakala 750. Makubaliano yalikuwa kwamba faida yote ni ya mchapishaji. Mwandishi alipewa nakala 20 za kuwagawia marafiki. Basi. Mwaka 1841 alipowaomba watoe toleo jipya kwa masharti yale yale, walikataa, wakisema hata la kwanza halijaisha.

Mwaka 1841 aliajiriwa kuwa mhariri wa jarida la Graham's kwa dola 800 kwa mwaka. Bwana Graham alikuwa na sifa ya kulipa vizuri na kwa wakati, kwa hiyo tusiseme kila mwenye gazeti alikuwa mdhulumaji. Lakini wasomaji waliongezeka mara kadhaa, mwenye jarida akatajirika, na mshahara wa mhariri ukabaki pale pale. Mwaka uliofuata Poe aliondoka. Hadithi yake iliyompa fedha nyingi kwa mkupuo ilikuwa ya mwaka 1843, kuhusu hazina iliyofukiwa ardhini: zawadi ya dola 100 kutoka gazeti la Philadelphia.

Halafu likaja shairi la kunguru. Lilitoka New York mwezi Januari 1845 na likasambaa kama moto wa kiangazi. Magazeti ya kila upande yaliliiga, watoto walimfuata barabarani. Malipo yake yanatajwa kuwa dola 9 hivi, wengine husema 15. Magazeti yaliyolichapa upya hayakumlipa kitu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Sababu moja kubwa ni sheria. Marekani ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1790, lakini ililinda kazi za raia na wakazi wa Marekani tu. Mchapishaji wa New York au Philadelphia aliweza kuchukua riwaya ya Charles Dickens ikishuka melini kutoka Uingereza, akaichapa na kuiuza bila kumlipa Dickens hata senti. Sasa jiweke kwenye viatu vya mfanyabiashara huyo: kuna kazi ya bure ya mwandishi maarufu, na kuna kijana wa hapa anayetaka kulipwa. Utamchukua nani? Dickens mwenyewe alikwenda Marekani mwaka 1842 akalilalamikia jambo hilo hadharani, na alikutana na Poe Philadelphia. Sheria ilibadilishwa mwaka 1891, wote wawili wakiwa wameshakufa.

Tarehe 15 Februari 1845, wiki chache tu baada ya shairi la kunguru, Poe aliandika kwenye jarida la Broadway Journal makala fupi yenye hasira kuhusu siri za majarida. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Anasimulia habari za mwandishi kijana, maskini, mwenye familia, anayeombwa na mwenye jarida aandike makala kwa ahadi ya malipo mazuri. Kijana anaacha kibarua chake cha kila siku kwa mwezi mzima, anaandika huku yeye na watu wake wana njaa, anapeleka. Kimya. Miezi inapita. Anaandika barua ya adabu kuuliza kama kazi ilifika. Kimya. Mwishowe anakwenda ofisini mwenyewe, anaambiwa apite siku nyingine. Anapita siku nyingine, anaambiwa hivyo hivyo. Anapochoka na kudai arudishiwe karatasi zake, anaambiwa haiwezekani, kazi imeshachapwa, na kanuni ya ofisi ni kulipa miezi sita baada ya kutoka. Kijana anaridhika, anaona kumbe bosi ni mtu mstaarabu. Lakini kabla ya miezi sita anakufa kwa njaa, na mwenye jarida anakuwa ameokoa dola 25, ambazo anazila kwa nyama ya bata na mvinyo wa gharama.

Mimi niliposoma pale pa kupita siku nyingine nilicheka peke yangu. Kabla sijaajiriwa redioni niliwahi kuandika matangazo ya biashara kwa ofisi moja, na kwa miezi minne nilipanda daladala kufuata fedha ambayo nauli ilikuwa inakaribia kuimaliza. Mhasibu hayupo. Mhasibu yupo lakini mwenye saini kasafiri. Ukiwa kwenye benchi lile unaanza kujiona kama ombaomba, wakati ni deni lako.

Poe hakwenda kudai mara zote. Bi Maria Clemm ndiye aliyekuwa akibeba karatasi za mkwewe, ofisi hadi ofisi, kuuliza kama zitanunuliwa, na kueleza kuwa mwenyewe anaumwa. Mara nyingine alikuwa anaumwa kweli. Mara nyingine ilikuwa pombe, na pombe ilimharibia kazi zaidi ya moja.

Aliona dawa ni kumiliki jarida lake mwenyewe. Oktoba 1845 alilichukua lile Broadway Journal kwa fedha za kukopa, zikiwemo dola 50 za mwenye gazeti Horace Greeley. Lilikufa tarehe 3 Januari 1846. Deni la Greeley hakulilipa. Kwa hiyo mtu aliyeandika kwa uchungu kuhusu wasiolipa, naye kuna aliyemdai mpaka kaburini.

Virginia alikuwa akiumwa kifua kikuu kwa miaka mitano. Alifariki tarehe 30 Januari 1847, katika nyumba ndogo ya Fordham, akiwa na miaka 24. Mwezi Februari mahakama ikampa Poe ushindi dhidi ya gazeti la Evening Mirror lililochapa maneno ya kumkashifu: dola 225 na senti 6. Ni gazeti lile lile lililotangulia kuchapa shairi la kunguru, ingawa lilikuwa mikononi mwa watu wengine. Kutukanwa kulimlipa kuliko kuandika.

Mwaka 1849 ulikuwa mgumu zaidi. Majarida aliyoyategemea yalifungwa au yakaacha kuwalipa waandishi, moja baada ya jingine. Alianza safari ya kutafuta watu wa kulipia mapema jarida jipya alilokuwa akiliota kwa miaka. Alifariki Baltimore tarehe 7 Oktoba 1849, akiwa na miaka 40.

Mwaka uliofuata mkusanyiko wa kazi zake ulianza kutoka New York na ukanunuliwa kwa miaka mingi. Bi Maria Clemm, aliyebaki peke yake, hakupewa fedha. Alipewa seti kadhaa za vitabu hivyo, akauze mwenyewe.