Bi Butler na sheria iliyomwandama mwanamke peke yake

Wahenga walinena kuwa mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu uchungu. Methali hii yafaa sana kumkumbukia Josephine Butler, mwanamke wa Kiingereza ambaye jina lake halitajwi mara nyingi katika madarasa yetu ya historia.

Bi Butler alizaliwa mwaka 1828 katika jimbo la Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, John Grey, alikuwa miongoni mwa watu waliopiga vita utumwa, na chuki dhidi ya dhuluma ilikuwa urithi wa nyumba hiyo. Mwaka 1852 aliolewa na George Butler, msomi aliyekuja kuwa kasisi na mwalimu mkuu. Walijaliwa wana watatu na binti mmoja, Eva. Mwaka 1864 mtoto huyo alianguka kutoka ghorofani nyumbani mwao, mjini Cheltenham, akafa.

Miaka miwili baadaye familia ilihamia Liverpool. Mama huyo aliyefiwa aliamua kuwatafuta watu wenye majonzi kuliko yake. Aliwapata katika jumba la maskini la Brownlow Hill, ambako wanawake waliketi sakafuni wakichambua nyuzi za kamba kuukuu ili wapate chakula na malazi. Aliketi nao akachambua. Wengi wao walikuwa makahaba. Waliokuwa wagonjwa mahututi aliwachukua hadi nyumbani kwake, na mumewe aliwapokea kwa heshima ile ile waliyopewa wageni wengine.

Wakati huo Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha Sheria za Magonjwa ya Kuambukiza za miaka ya 1864, 1866 na 1869. Shabaha yake ilikuwa kuwakinga askari na mabaharia na maradhi ya zinaa kama vile kaswende na kisonono. Katika miji iliyotajwa ya kambi na bandari, ambayo kufikia mwaka 1869 ilikuwa 18, polisi wasiovaa sare waliweza kumshuku mwanamke kuwa kahaba, akalazimishwa kupimwa mwilini. Akionekana ana ugonjwa alifungiwa hospitalini, hata kwa miezi 9. Askari aliyemwendea hakupimwa. Kosa lilikuwa la wawili, adhabu ikawa ya mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 1869 Bi Butler alikubali kuongoza chama cha wanawake cha kupinga sheria hizo. Yafaa tufahamu ugumu wa hatua hiyo. Enzi hizo mwanamke wa heshima hakutarajiwa hata kulijua neno danguro, seuze kupanda jukwaani na kulizungumzia mbele ya wanaume. Katika uchaguzi mdogo wa Colchester mwaka 1870 alifukuzwa hotelini kwa sababu umati ulitishia kuishambulia. Kule Pontefract mwaka 1872, wapinzani wake walitia moto majani makavu chini ya ghala alimokuwa akikutana na wanawake wenzake. Hakurudi nyuma.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mwanamke hapotezi haki zake za uraia kwa kuwa ni maskini, wala kwa kuwa ametenda dhambi. Aidha, dola inapompima kahaba ili mteja awe salama, haipigani na uovu bali inausimamia. Ndiyo maana alivuka bahari na kuipinga mipango ya Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya, ambako madanguro yalisajiliwa chini ya uangalizi wa polisi. Mwaka 1880 alisaidia kufichua jinsi wasichana wa Kiingereza walivyoingizwa katika madanguro yenye leseni mjini Brussels. Nyumbani nako sheria zilisimamishwa mwaka 1883, na mwaka 1886 zikafutwa kabisa.

Lakini fundisho kubwa zaidi limo katika yaliyofuata. Mwaka 1885 mwandishi wa habari W. T. Stead alifichua biashara ya wasichana wadogo jijini London. Bi Butler alimuunga mkono. Bunge likapandisha umri wa ridhaa kutoka miaka 13 hadi 16, na wakati huo huo likawapa wakuu wa serikali nguvu za kuyafunga madanguro. Vyama vya kulinda maadili vikaanza kuyaandama. Milango ikafungwa, na wanawake waliokuwa ndani wakajikuta barabarani, bila paa na bila kazi, wakiwindwa na polisi wale wale. Bi Butler alijitenga na watetezi hao wa maadili. Alionya kwamba wanadamu hawawezi kufanywa wema kwa nguvu za polisi, na kwamba anayemwinda kahaba si rafiki yake hata akijiita mtakatifu. Alifariki tarehe 30 Desemba 1906, akiwa na umri wa miaka 78.

Je, haya yatuhusu nini sisi Wakenya? Kanuni yetu ya Adhabu, ambayo asili yake ni sheria za Kiingereza zilizoletwa na wakoloni, ina kifungu kinachoharamisha kuendesha danguro. Sina nia ya kulitetea danguro. Hata Bi Butler hakulitetea kamwe. Ninachouliza ni hiki: unapofanywa msako usiku, ni nani hupandishwa garini, na ni nani huachwa aende zake? Na asubuhi, baada ya faini kutozwa, yule mwanamke huenda wapi?

Wako wanaoamini kuwa maadili ni kulaani kwa sauti kubwa. Kulaani hakugharimu kitu. Bi Butler alichukia ukahaba kuliko wengi wa waliomtukana, lakini alianza kwa kuketi sakafuni na waliotengwa, akawapa kitanda nyumbani kwake, ndipo akaenda kugombana na Bunge. Walimu wanapowafunza vijana wetu maadili, na wawaonyeshe mpangilio huo. Sheria inayomwona mwenye dhambi mmoja pale walipo wawili haifunzi maadili, inafunza unafiki.