Isaac Newton, mukubwa wa izini ya makuta

Wengi wetu tulisikia jina la Isaac Newton ku masomo, na ile habari ya tunda lililoanguka toka ku muti. Lakini kazi iliyomulisha zaidi ya miaka 30 ilikuwa ingine: kuchunga makuta ya Uingereza. Sisi tunaoishi kwa mugodi, mizani na labo, habari hii inatugusa.

Alizaliwa siku ya Noeli 1642 mu kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Newton alipofikia miaka 3, mama aliolewa tena, akamwachia nkambo wake. Mu 1661 aliingia masomo makubwa ya Cambridge, na mu 1687 akatosha kitabu kilichoelezea namna dunia, mwezi na nyota vinavutana. Jina lake likasikika fasi yote.

Mu 1696 akapewa kazi London, ku izini ya makuta ndani ya ngome ya Tower. Wakati ule makuta ilikuwa na ugonjwa. Vipande vya zamani vya feza, ile madini nyeupe, vilipigwa kwa nyundo. Pembeni havikuwa sawasawa, basi wezi walikuwa wanakata kidogo kidogo na kuyeyusha ile waliyokata. Mutu wa kazi analipwa shilingi, kumbe uzito wake umepungua. Serikali ilikuwa imekata shauri kuyeyusha vyote na kupiga vipya kwa mashini zilizozungushwa na farasi. Vile vikubwa vilikuwa na maandishi ku ukingo, ili mutu akikata, ionekane palepale.

Newton angeweza kukaa tu na kula mushahara, kama wengine mbele yake. Hakufanya vile. Alifuata kazi hatua kwa hatua, na akawawinda wenye kutengeneza makuta ya uongo, akiuliza washahidi yeye mwenyewe, hata mu gereza. Mukubwa wao, William Chaloner, alikuwa na ujeuri mpaka akasema izini ndiyo yenye wezi, na akataka aingizwe ndani kuitengeneza. Newton alikusanya ushahidi pole pole, na mu Machi 1699 Chaloner akanyongwa. Mwisho wa mwaka ule Newton akawa mukubwa wa izini yote.

Sasa tufike ku kile kipande ambacho wenye kukusanya makuta ya zamani wanakitafuta mpaka leo. Mu Oktoba 1702, mashua za Waingereza na Waholandi zilishambulia mashua za Espania ku Vigo. Zilikuwa zimeleta feza toka Meksiko. Sehemu kubwa ilikwisha kushushwa, lakini ile iliyokamatwa ilipelekwa kwa Newton. Malkia Anne akaamuru neno VIGO liandikwe chini ya sura yake, ili ushindi usisahauliwe. Crown ya 1703, yenye thamani ya shilingi 5, ni kubwa: upana karibu santimetre 4, uzito karibu gramu 30, na mu sehemu 1000, 925 ni feza safi.

Makuta ingine ya Anne inaonyesha migodi. Manyoya ni alama ya feza ya Wales. Maua ya waridi ni ya Uingereza yenyewe. Mwenye kushika kipande anajua madini ilitoka wapi. Jina la wachimbaji tu njo halipo.

Mu 1710 watu wa kupima walisema zahabu ya Newton haifikie kipimo. Kwetu tunajua ugomvi wa namna ile: labo inasema hivi, mwenye madini anasema vile.  Newton alionyesha kwamba bamba la kulinganishia ndilo lilikuwa safi kupita kiasi. Kosa lilikuwa ku kipimo.

Hata vile naye hakuweza yote. Mu 1717, kufuatana na ripoti yake, guinea ya zahabu iliwekwa shilingi 21. Feza ikabakia na bei ndogo kuliko inje, wafanyabiashara wakaendelea kuipeleka kule, na vipande vikubwa vikapungua mu mikono ya watu.

Alikufa mu Machi 1727, angali mukubwa wa izini, akazikwa mu kanisa la Westminster. Hakuwa na muke wala mutoto.

Wasomaji wetu, kama siku moja mutu anawaletea crown yenye neno VIGO, musitazame sura ya malkia peke yake. Mutazame ukingo, muiweke ku mizani. Na kama mizani inakataa, mupime kwanza ile mizani yenyewe.