Mtu Aliyeingojea Mianga ya Kaskazini

Mimi ni mmoja wa wale waliopita katika shule yetu, na sasa niko masomoni Norwe, nchi iliyo mbali sana upande wa kaskazini. Niliombwa niandike habari za mtu mashuhuri wa huku. Nimemchagua Bwana Kristian Birkeland, kwa kuwa habari zake nilizipata nikiwa nimekaa gizani, katika baridi kali, nikitazama juu kama mtoto anayengoja embe lianguke.

Ilikuwa hivi. Siku moja ya mwezi wa Oktoba ilitangazwa kwamba jua limelipuka kwa nguvu, na kwamba baada ya siku moja hadi tatu huenda mianga ya kaskazini ikaonekana vizuri. Mianga hiyo ni nuru ya kijani, pengine nyekundu, inayocheza mbinguni usiku kama pazia linalopeperushwa na upepo. Mimi na mwanafunzi mwenzangu tulisafiri mpaka Kåfjord, karibu na mji wa Alta. Mbele yetu ulisimama mlima Haldde, wenye kimo cha mita 900 hivi, na kileleni pana nyumba ya mawe. Usiku wa kwanza tuliona mawingu. Usiku wa pili tuliona mawingu na theluji. Nikasema sasa basi, narudi zangu. Ndipo mwenzangu aliponionyesha kule juu na kuanza kunisimulia habari za mtu aliyejenga pale. Nyingine nilizisoma baadaye.

Birkeland alizaliwa tarehe 13 Desemba 1867 katika mji mkuu wa Norwe, ambao leo huitwa Oslo. Alikuwa hodari wa hesabu na sayansi tangu ujana wake, na mwaka 1898, kabla hajatimiza miaka 31, alifanywa profesa.

Siku zile hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika asili ya mianga ile. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuona kwamba madoa meusi yakizidi usoni mwa jua, mianga nayo huzidi, na sindano za dira hutikisika. Lakini jua liko mbali nasi kilomita milioni 150. Nguvu zake zafikaje huku? Birkeland alifikiri kwamba jua hutupa chembe ndogo mno zenye umeme, na kwamba dunia, ambayo yenyewe ni sumaku kubwa, huzishika chembe hizo na kuziongoza kwenye ncha zake za kaskazini na kusini.

Wengi wangetosheka kuandika fikira hiyo na kulala. Yeye alitaka kwenda kuangalia. Katika safari ya mwanzo dhoruba iliwakuta mlimani, na kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, Bjørn Helland-Hansen, aliumizwa na baridi hata akapoteza sehemu za vidole vyake. Ilimbidi kuacha udaktari, akageukia elimu ya bahari, na huko akapata sifa kubwa. Birkeland hakukata tamaa. Alijenga nyumba za mawe katika mlima Haldde, na wakati wa baridi wa mwaka 1899 hadi 1900 alikaa kule pamoja na wasaidizi wake, wakipima sumaku ya dunia na kuingojea mianga. Safari hiyo nayo ilileta msiba, kwani kijana mmoja msaidizi wake alifunikwa na poromoko la theluji akafa. Mwaka 1902 alipeleka watu katika vituo vinne: Norwe yenyewe, Aisilandi, Spitsbergen na Novaya Zemlya, ili wapime wote kwa wakati mmoja.

Aliporudi mjini alitengeneza dunia ndogo. Alichukua tufe lenye sumaku ndani yake, akaliweka katika kasha la kioo lililotolewa hewa, kisha akapitisha umeme. Nuru ikaonekana ikizizunguka ncha mbili za tufe, kama vile mianga inavyozunguka ncha za dunia yetu.

Kazi hizo zilihitaji fedha nyingi. Alibuni mzinga wa kurusha risasi kwa umeme, lakini alipouonyesha mbele ya wageni mwaka 1903, ulitoa mshindo na moto, na watu wakafadhaika. Mwaka huo huo, pamoja na mhandisi Sam Eyde, alianza kutumia moto wa umeme kutengeneza mbolea kutokana na hewa. Kazi hiyo ilizaa kampuni ya Norsk Hydro mwaka 1905. Hivyo mtu aliyetafuta fedha za kuchunguza mbingu aliwasaidia wakulima wa ardhini.

Sasa nije upande wetu wa Afrika. Maji yanayotoka katika ziwa letu kubwa hapo Jinja hupita Sudani na kushuka Misri, na kabla ya kufika Cairo huupita mji wa Helwan. Hapo ndipo Birkeland alipokwenda kukaa mwaka 1913. Alichunguza nuru hafifu inayoonekana jangwani baada ya jua kuzama, akidhani ni ndugu wa ile mianga. Katika jambo hilo alikosea, maana leo twajua kwamba nuru hiyo ni ya mavumbi ya angani yanayoangazwa na jua.

Lakini afya yake ilikuwa imeharibika. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, usingizi ulimkimbia, akazoea kunywa dawa za kulalia, tena akawa na hofu ya kwamba watu wanampeleleza. Wakati wa Vita Kuu alitaka kurudi kwao kwa njia ndefu ya mashariki. Hakufika. Alikutwa amekufa hotelini mjini Tokyo, nchini Japani, tarehe 15 Juni 1917, naye hajatimiza miaka 50. Dawa ile ya usingizi alikuwa ameinywa kupita kiasi.

Baada ya kufa kwake elimu yake ilitiwa kando. Mtaalamu mkubwa wa Uingereza, Sydney Chapman, alishikilia kwamba mikondo ile ya umeme huzunguka katika hewa ya juu ya dunia tu, wala haiji kutoka mbali. Wengi wakamfuata. Mwaka 1963 Wamarekani walirusha chombo cha angani chenye kupima sumaku, na vipimo vyake vilionyesha kwamba mikondo hiyo hushuka na kupanda kutoka mbali angani, kama Birkeland alivyosema. Leo yaitwa mikondo ya Birkeland. Mwaka 1994 nchi yake ilitoa noti yenye sura yake, ingawa sasa noti hiyo haitumiki tena.

Mwenzangu alipomaliza tulinyamaza. Nilimfikiria yule kijana aliyezikwa na theluji, na wale vidole vyao vilivyoharibika, nikaona haya kwa kulalamika juu ya usiku mbili tu. Nikakubali kungoja.

Usiku wa tatu, yapata saa tano, mawingu yalipasuka. Kwanza nilidhani ni moshi. Kisha ukageuka kijani, ukanyoka toka upande hata upande juu ya Haldde, ukaanza kucheza bila sauti yo yote. Ulidumu muda wa robo saa, ukatoweka.

Ndugu zangu mlio darasani, pengine mwatoa jibu la haki na kuambiwa kwamba si kweli. Msikasirike, wala msitupe daftari. Pimeni tena, andikeni vema, mkaweke. Birkeland hakuishi kuona siku yake, lakini vipimo vyake vilimngojea.