Shekhar Mehta, Datsun 240Z na ubishi wa rimu za inchi 14

Wadau, hela ya korosho ikishaingia hapa Uwanda wa Makonde, ubishi ni mmoja tu. Kuanzia Mkunya, Newala mpaka Masasi, kijana akishapata gari ya mtumba, cha kwanza anaulizia rimu. Zile zilizotoka nayo kiwandani anaziona ndogo, za kizee. Anataka inchi 17 zinazong'aa. Leo nawajibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu ambaye wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa wakati anatesa: Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, kwenye familia tajiri ya Kihindi yenye mashamba makubwa. Angeweza kula maisha tu, lakini alipofika miaka ya ishirini akajitosa kwenye mbio za magari. Mwaka 1971 akashika nafasi ya pili kwenye East African Safari, akiwa na Datsun 240Z. Mshindi alikuwa Edgar Herrmann, naye akiwa na 240Z.

Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Mehta akaacha nchi aliyozaliwa, akahamia Kenya. Ikaja Pasaka ya 1973, akaingia tena kwenye Safari akiwa na 240Z, msaidizi wake Lofty Drews. Mwisho wa mbio akawa sare kabisa na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun 1800 SSS. Baada ya maelfu ya kilomita, wamefungana! Ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike, na ushindi ukaenda kwa Mehta. Mtu aliyefukuzwa kwao mwaka uliopita, sasa bingwa wa Safari.

Sasa tuiangalie hiyo gari. 240Z ni gari ya spoti hasa: milango miwili, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Pamoja na uspoti wote huo, ilitoka kiwandani na rimu za chuma za inchi 14, upana inchi 4.5, zikiwa na vifuniko, na tairi nyembamba za 175. Ukiiona leo utasema imevaa viatu vya mdogo wake!

Ndugu zake waliofuata walibadilika kidogo kidogo. 280Z ya mwaka 1975 hadi 1978 ilibaki na inchi 14 ila tairi zikawa 195/70. 280ZX Turbo, iliyoanza 1981, ikaja na rimu za aloi za inchi 15 na tairi 205/60. Zote hizo ni za nati nne na nafasi ileile ya milimita 114.3, ndiyo maana wenye 240Z hupenda kuazima rimu za ndugu zake. Lakini kuingia kwenye nati hakutoshi. Pima upana na kina cha rimu, tairi isije ikasugua bodi au springi ukikata kona.

Hesabu ni rahisi, shika kalamu. 195/70R14 maana yake tairi ina upana wa milimita 195, na ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, yaani kama milimita 136. Ya 205/60R15 ubavu unakuwa 123. Ukivaa inchi 17 na tairi 215/45, ubavu unashuka mpaka 97. Kimo cha tairi nzima hakibadiliki sana, zote ni kama sentimita 63. Kwa hiyo gari haijanyanyuka kitu! Ulichofanya ni kuondoa karibu sentimita nne za mpira na upepo, ukaweka chuma mahali pake.

Na huo mpira ndio unaopokea shimo. Kwenye lami safi, ubavu mfupi ni raha, gari inashika kona vizuri. Kwenye vumbi na mawe yetu, shimo likizidi ubavu, rimu ndiyo inapigwa. Rimu ya chuma ni nzito, lakini ikipinda mara nyingi fundi anaigonga inarudi. Ya aloi ni nyepesi na nzuri kwa macho, ila ikipigwa sana inapasuka, na kuichomelea ni kucheza na roho za watu.

Turudi kwa Mehta. Hakuishia kwenye ushindi mmoja. Akachukua Safari tena 1979, 1980, 1981 na 1982, minne mfululizo, akiwa na Mike Doughty. Safari hii hakuwa na gari ya spoti, alikuwa na Datsun Violet, saluni ya kawaida kwa sura. Jumla mara tano. Ajali mbaya ya mwaka 1987 kwenye mbio za Pharaohs huko Misri ikamaliza kazi yake ya udereva. Baadaye aliongoza kamisheni ya mbio za dunia ya FIA, akafariki London tarehe 12 Aprili 2006. Safari ilikuwa imetolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021. Hakuwahi kuiona ikirudi.

Mimi ninachokiona kwenye maisha yake ni hiki: Safari haikuwa ya gari inayopendeza pale Nairobi wakati wa kuondoka, ilikuwa ya gari inayorudi. Kwa hiyo mdau, kama gari yako inalala Mkunya, ridhika na saizi ya kiwandani. Ukizidiwa na hamu, ongeza inchi moja, basi. Hela iliyobaki nunua tairi mpya nne, maana rimu ya bei mbaya yenye tairi kipara ni jeneza linalong'aa.

Wa inchi 17 najua mpo na mtanishukia. Haya, uwanja ni wenu, tukutane hapo chini!