Mtoto wa muunga mifupa aliyetuachia chuma cha paja

WASAFIRI wa Busia, Malaba na Mutukula wanajua kwamba ajali moja ya boda boda yatosha kumlaza mtu chali wiki nyingi katika wodi ya mifupa mjini Kampala, mguu ukiwa ndani ya fremu ya chuma na uzito ukining'inia mwisho wa kitanda. Aliyebuni fremu hiyo ni Hugh Owen Thomas.

Thomas alizaliwa mwaka 1834 katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Ukoo wake ulikuwa wa waunga mifupa wa jadi, kama hawa wanaopata wateja wengi hapa Uganda. Baba yake, Evan, alitibu watu mjini Liverpool bila cheti, akasumbuliwa kwa kesi mara kwa mara. Ndipo akawapeleka wanawe watano kusomea udaktari.

Hugh alifuzu mwaka 1857. Alifanya kazi na baba yake, lakini muda si mrefu wakashindwana. Akafungua kliniki yake karibu na bandari, akawatibu mabaharia na vibarua. Jumapili aliwatibu maskini bure.

Aliamini kwamba mfupa hupona ukipumzishwa bila kukatizwa. Kwa hiyo alitengeneza vyuma viwili vyembamba vyenye pete ya ngozi inayokaa kinenani, ili mguu ubaki umenyooka.

Alifariki Januari 1891 akiwa na miaka 56, na maelfu ya watu wakajitokeza kumzika. Mpwa wake, Robert Jones, alikieneza chuma hicho wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikaokoa askari wengi waliovunjika mapaja.

Kazi hiyo ilifika Kampala pia. Profesa Ronald Huckstep, aliyekuja Makerere mwaka 1960, aliwatengenezea watoto waliopooza kwa polio vyuma rahisi vya kutembelea, vya ukoo uleule.

Hata hivyo, chuma peke yake hakiponyi. Muuguzi hukagua ngozi chini ya pete, visigino na makalio yasije yakatoka vidonda. Husafisha mahali msumari ulipopita mfupani. Huhakikisha uzito unaning'inia bila kugusa sakafu. Nawe ndugu unayemuuguza mgonjwa, usiuondoe uzito huo hata akikusihi. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, mwite muuguzi mara moja. Mpe mgonjwa maji ya kutosha, umhimize apumue kwa nguvu na kuchezesha vidole.

Wengi huchoka, biashara imesimama mpakani, wakatoroka kwenda kwa muunga mifupa. Baadhi hurudi mguu umeunga kombo, au umekuwa mfupi. Thomas alizaliwa ndani ya uganga huo, akaujua vizuri, lakini dawa aliyotuachia ni subira.